Siku moja maishani mwangu: barua, barafu na soli

Saa 11 alfajiri. Nyuzi 12 chini ya sifuri. Nasambaza barua kwa miguu, kwa hiyo viatu vya siku huamuliwa na hali ya barafu. Baridi kali hainitishi sana. Barafu ikiwa kavu na ngumu, soli ya mpira unaobonyea huishika. Kinachoangusha watu ni mpira wa kawaida unaokakamaa kwenye baridi. Soli ya buti zangu ina nyuzi za kioo ndani ya mpira, na ncha zake hukwaruza barafu kama msasa.

Saa 1. Mkoba begani, hatua fupi, mikono nje ya mifuko.

Saa 3. Mtaa wenye mteremko. Hapa navuta soksi kuukuu za sufu juu ya buti. Wapita njia hucheka, na wacheke. Watafiti wa Dunedin, New Zealand, walilijaribu jambo hili kwenye vilima vya mji wao wakakuta kwamba waliovaa soksi juu ya viatu waliteleza kidogo kuliko wasiovaa. Mwaka 2010 wakapewa tuzo ya fizikia ya Ig Nobel, tuzo ya utani kwa tafiti zinazochekesha kisha zikafikirisha. Ila soksi hulowa na kuchakaa upesi. Nikimaliza mteremko, nazivua.

Saa 6 mchana. Jua limetoka, kipimajoto kinakaribia sifuri, na sasa ndipo hatari inapoanza. Barafu imefunikwa na maji membamba, soli yangu nzuri haina tena cha kushika. Natoa mkanda wa mpira wenye misumari midogo ya chuma na kuuvalia juu ya buti. Misumari inauma barafu vizuri. Lakini nikiingia jengo lenye sakafu ya vigae, misumari hiyohiyo inanitelezesha vibaya kuliko barafu yenyewe. Basi ni kuvua mlangoni, kuvaa nikitoka, kuvua tena. Vidole vimekufa ganzi.

Saa 8. Nikiinama kwa mara nyingine, nawaza kiatu kinachojibadilisha chenyewe. Mwaka 2020 wahandisi wa vyuo vikuu vya MIT na Harvard, Marekani, walitangaza soli ya bamba jembamba la chuma lililochanjwa kwa ustadi wa kirigami, sanaa ya Kijapani ya kukata na kukunja karatasi, ikiiga magamba ya nyoka: mguu ukikunjika meno yanachomoza, ukinyooka yanalala. Ubunifu mzuri kweli, ingawa mguu hukunjika hata kwenye vigae! Kwa kazi yangu naona zinafaa zaidi buti zenye kibao cha meno kinachogeuzwa kwa mkono chini ya soli: nje meno, ndani mpira. Zipo tayari, na ni nzito.

Saa 11 jioni. Buti zinakauka mbali na moto, maana joto kali huharibu mpira. Nimekagua misumari, mmoja umelegea, nimeubadilisha. Utabiri wa kesho ni mvua juu ya barafu: nitaanza na mkanda, soksi zitabaki nyumbani.