Ligi ya mtaa ndiyo iliyompeleka binti yangu timu ya kusafiri

Mzazi yeyote wa kwetu hapa Dallas, Texas, ambaye binti yake ameshika glovu ya softiboli, mchezo wa gongo na mpira unaofanana na besiboli, ameshaambiwa: "Mtoe huko ligi ya mtaa, ile ni ya watoto wa kula biskuti na kupiga picha. Mpeleke timu ya kusafiri, inayozunguka miji kwa mashindano, la sivyo vyuo havitamwona." Mimi niliambiwa mtoto akiwa na miaka tisa. Tisa! Wakati makocha wa vyuo vya daraja la kwanza la michezo hawaruhusiwi kuzungumza na mchezaji habari za usajili mpaka Septemba 1 ya mwaka anaoingia darasa la kumi na moja. Na huo ufadhili wa masomo unaoimbwa, kwa miaka mingi kila timu ya daraja hilo iliwekewa ukomo wa nafasi 12 kamili, wakagawana wasichana ishirini na kitu. Mwenye kupata nusu alichinja kuku.

Lakini jirani yangu hakukoma, na mama watoto akaingiwa na wasiwasi. Tukalipa. Ligi ya mtaa ilikuwa dola mia na ushee, fulana humo humo. Timu ya kusafiri ikawa elfu na mia kadhaa, bado sare za pili, bado begi lenye jina mgongoni.

Naikumbuka zaidi safari ya Houston. Nimetoka zamu ya usiku hospitalini, nikashika usukani kwa muda wa karibu saa nne. Hoteli hujichagulii: waandaaji wa mashindano wamekwisha kupanga kwamba timu ikicheza kwao ilale kwenye hoteli zao, na bei ni yao. Getini, kiingilio. Yaani nalipa kumtazama mwanangu niliyemlipia kucheza. Mechi ya kwanza saa mbili asubuhi, jua la Julai limeshawaka. Mechi zenyewe zina ukomo, saa moja na robo hivi, kwa hiyo kocha hana muda wa kumjaribu mtu. Wanacheza wale wale. Wangu benchi. Mchana, mdakaji wa timu yetu, yule anayedaka mipira ya mrushaji, alipofika besi, yaani kituo cha kukimbilia, binti yangu akaitwa akimbie badala yake ili mwenzake akavae vifaa vya kudakia. Akakimbia kutoka besi ya kwanza hadi ya pili, raundi ikaisha. Jumapili ni mtoano, tukatolewa mapema. Njiani nikajumlisha petroli, hoteli, kiingilio na chakula, nikagawa kwa hatua alizokimbia. Kila hatua ilitoka kama dola ishirini. Mama watoto hakusema neno mpaka Corsicana, Dallas ikikaribia.

Msimu uliofuata tukarudi mtaani, na hapo nikaanza kutazama kwa jicho la mtu aliyeibiwa. Katika ligi ya watoto wa miaka kumi, kinachokosekana ni mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira. Mipira minne ikipita nje ya eneo la kupigia, mpigaji anapewa besi ya bure. Nimeshuhudia raundi nzima ikiisha hakuna aliyeugusa mpira kwa gongo. Mtoto anayeweza kupitisha mipira mitatu mizuri mfululizo hatolewi uwanjani, hata baba yake awe hajui sheria. Na mimi sikuzijua, nimekulia Tanga na mpira wa miguu.

Nikachukua ndoo tupu ya rangi, nikafunga mto juu ya mfuniko, nikaketi kwenye maegesho nyuma ya jengo letu. Nikapima futi 35 kwa futi kamba, yeye kule akirusha, mimi huku nikidaka. Wiki za mwanzo mpira ulipiga kila kitu ila glovu. Ugoko wangu uligeuka rangi mpaka wauguzi wenzangu wakauliza kama nyumbani kuna amani. (Nunua vilinda ugoko, usione haya.) Mwalimu wa kurusha tulimlipa dola arobaini hivi kwa nusu saa, si kila wiki, nami narekodi kwa simu. Alichosisitiza ni mkono ukishazunguka, kigasha kiguse nyonga, na mpira uachiwe papo hapo. Basi sebuleni akawa anarusha soksi zilizokunjwa ukutani kila jioni. Soksi hazivunji televisheni.

Ujanja ninaojivunia ni huu. Kwa miaka kumi na chini wanatumia mpira wa mzingo wa inchi 11. Wakipanda kundi la miaka kumi na mbili, mpira unakuwa inchi 12 na umbali futi 40. Nyota wengi wa timu za kusafiri huyumba hapo, mipira inadondokea miguuni pa mdakaji. Mimi nilishaisogeza ndoo nyuma miezi mingi kabla, na mpira mkubwa nimeununua mtumba. Ligi ilipofunguliwa, kwake ilikuwa siku kama siku zote.

Halafu simu zikaanza. Timu ya kusafiri inacheza mechi nyingi Jumamosi na Jumapili, na kufika Jumapili warushaji wamechoka. Wanatafuta mchezaji mgeni: unapeleka cheti cha kuzaliwa, jina linaingizwa kwenye orodha kabla ya mechi, anacheza. Ada ya msimu hulipi. Kocha aliyeniita mara ya kwanza aliniuliza binti anatoka timu gani. Nikamtajia ligi ya mtaa, akadhani natania.

Sasa yuko kundi la miaka kumi na nne, futi 43, na mwaka huu tumejiunga rasmi, hoteli zao nalala. Gongo la dola mia nne sijanunua, mtoto anakua, mitumba ipo. Kwenye majaribio sikuuliza habari za vyuo wala vikombe. Niliuliza, "Warushaji mnao wangapi?" Timu ya kwanza wakasema watano, nikashukuru nikaondoka. Hii tuliyopo ina wawili, na mmoja ni wangu.