Kiatu cha ngozi cha masika: hesabu matundu kabla ya kununua dawa

Ngozi nzuri ya ng'ombe yenye unene wa milimita 2 haipitishi maji kirahisi. Soksi ikilowa baada ya kukanyaga dimbwi, mara nyingi maji hayakupenya ngozi yenyewe. Yamepita kwenye matundu ya sindano, kwenye mwanya wa ulimi, au pale soli inapokutana na ngozi. Ndiyo maana kiatu kisichoingiza maji huamuliwa kwenye karatasi ya paterni, kabla kisu hakijagusa ngozi. Dawa ya kupaka ni kazi ya mwisho, na haiwezi kuokoa paterni mbaya.

Chukua kalibu, yaani umbo la mguu ambalo kiatu hutengenezwa juu yake, uizungushie mstari wa kalamu: sentimita 5 juu ya soli ya ndani kwa kiatu cha mjini, sentimita 8 kwa kiatu cha shamba na njia za tope. Huo ndio mstari wa maji. Chini yake usiruhusu mshono wowote usio na sababu. Sehemu ya mbele, kuanzia vidoleni mpaka mwanzo wa ulimi, ikatwe kipande kimoja. Kofia ya vidole iliyoshonwa juu yake hupendeza macho, lakini inaweka safu ya matundu mahali ambapo mguu hukutana na maji kwanza, tena karibu na mkunjo wa kutembea. Hesabu mwenyewe: ukishona kwa hatua ya milimita 3, kila sentimita 10 za mshono zina matundu 33. Ukibana hatua iwe milimita 2 kwa kudhani unaongeza nguvu, matundu yanakuwa 50, na ngozi inaanza kuchanika kwenye mstari kama karatasi ya stempu.

Mishono isiyoepukika ilale kama mabati ya paa: kipande cha juu kilalie cha chini, maji yateremke bila kukuta mdomo ulio wazi. Hapa ndipo kiatu ambacho vipande vya pembeni vinakaa juu ya kipande cha mbele kinapokishinda kile ambacho kipande cha mbele ndicho kimelalia vya pembeni. Pia mtindo huo hukuwezesha kukata sehemu ya mbele na ulimi kwa pamoja, bila mshono kati yake.

Ulimi ndio mlango mkubwa kuliko yote. Ulimi ulioshonwa chini tu huacha nyufa mbili, kushoto na kulia, zinazoteremka hadi karibu na vidole. Dawa yake ni ulimi wenye mikunjo ya pembeni: ngozi laini ya milimita 1.0 hadi 1.2, yenye mkunjo wa sentimita 3 hadi 4 kila upande, iliyoshonwa kwenye vipande vya pembeni mpaka karibu na tundu la juu la kamba. Ukitumia ngozi nene hapo, mkunjo utamkata mvaaji kwenye kifundo na kiatu kitaachwa kabatini. Kumbuka pia kwamba mwisho wa mkunjo ndio kina halisi cha kiatu. Buti la sentimita 15 ambalo mikunjo yake imeishia sentimita 7 ni buti la sentimita 7.

Kuhusu ngozi yenyewe, kwa sehemu ya juu chagua iliyosindikwa kwa kromu, milimita 1.8 hadi 2.2, na upande wa manyoya ukiwa haujasagwa. Ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa plastiki hung'aa dukani, kisha hupasuka kwenye mkunjo, na ufa mmoja unatosha. Ukiwa hujui muuzaji amekupa nini, kata kipande cha sentimita 2 kwa 2 ukitie kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili. Cha kromu hubaki karibu kama kilivyo. Kilichosindikwa kwa maganda ya miti hujikunja na kuwa kigumu, kwa sababu hakistahimili joto hilo. Si kwamba hii ya pili ni mbaya. Ngozi ya maganda ya miwati, mti ambao kampuni ya TANWAT imekuwa ikiulima Njombe tangu 1949, inafaa sana kwa soli ya ndani na kwa ukanda wa kushikia soli, kwa sababu inashika umbo na kukamata uzi vizuri. Kwa sehemu ya juu ya kiatu cha mvua itakunywa maji, kisha itakauka ikiwa ngumu.

Geuza ngozi uangalie upande wa nyama. Makovu ya kisu cha mchunaji yanaweza kuwa yamekula nusu ya unene bila kuonekana kwa juu. Chapa ya moto nayo huharibu uso wa ngozi kabisa. Weka kasoro hizo mbali na sehemu ya mbele, au zipeleke juu ya mstari wa maji.

Kwenye kushona, tumia uzi wa poliesta namba 40 na sindano namba 100. Wengi huweka sindano namba 120 au 130 ili uzi usikatike, na hapo tundu linabaki kubwa kuliko uzi wake. Uzi wa pamba usiuguse, huoza. Nailoni ina nguvu lakini hunywa maji zaidi ya poliesta na kunyumbuka. Kabla ya kushona, punguza unene wa kingo zinazolaliana, upana wa milimita 10, zifike karibu milimita 0.8 mwishoni, kisha zibandike kwa gundi ya neoprini pande zote mbili. Gundi iliyo kati ya ngozi mbili ndiyo inayozuia maji. Uzi kazi yake ni kushika. Kwa ndani, funika mshono kwa utepe wa ngozi nyembamba ya kromu wa upana wa milimita 20, uliobandikwa kwa gundi hiyohiyo.

Bitana ina kosa lake ambalo watu hawalitazami. Kitambaa cha pamba au sponji inayofika mpaka ukingo wa juu hufanya kazi ya utambi: mvua hugusa ukingo, kitambaa kinavuta, soksi inalowa ingawa kiatu hakina tundu. Ishushe bitana milimita 10 chini ya ukingo, na juu yake weka ngozi. Soli ya ndani ya kadibodi usiipokee hata kama ni bure. Jasho peke yake huivimbisha na kuivunja.

Sasa soli, ambapo viatu vingi hufa. Kushona kutoka ndani ya kiatu hadi chini ya soli moja kwa moja huleta matundu ndani ya kiatu, hata kama juu kumefunikwa kwa soli ya kuwekea mguu. Njia ya welti, yaani ya ukanda wa kushikia soli, ni tofauti: msharasi (chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi) uliopinda hupita ndani ya unene wa soli ya ndani bila kutokeza juu yake, hushika ukanda wa ngozi pembeni, na soli ya nje inashonwa kwenye ukanda huo, nje kabisa ya nafasi ya mguu. Ukanda wenye mdomo ulioinuka unaobana ngozi pembeni ni bora zaidi kwa mvua. Uzi wa hapo upakwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na utomvu mkavu wa msonobari, na tundu la msharasi liwe dogo kiasi kwamba uzi unaingia kwa kuvutwa. Nafasi inayobaki katikati ijazwe vumbi la koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, lililochanganywa na gundi.

Njia rahisi zaidi, na kwa fundi asiye na mashine ndiyo ninayoipendekeza, ni soli ya mpira iliyobandikwa vizuri. Neno ni vizuri. Vuta ngozi kwenye kalibu ukiacha milimita 18 za kukunjia chini, na uiache kwenye kalibu angalau saa 24, ikauke kabisa. Kwa penseli chora ukingo wa soli juu ya ngozi, kisha kwaruza kwa msasa wa namba 24 hadi 40 mpaka nyuzi za ngozi zitokeze, ukiishia milimita moja ndani ya mstari. Ngozi iliyotiwa mafuta au silikoni kiwandani haishiki gundi juu ya uso wake, ni lazima uuvuke uso huo. Soli ya tairi nayo ina nta inayopanda juu ya mpira: ikwaruze, ifute kwa thina, subiri dakika 10. Chunguza pia kingo zake, maana nyuzi za tairi zilizokatwa na kuachwa wazi huvuta maji ndani. Paka gundi ya poliyurethani mara mbili, safu nyembamba, ukiacha ya kwanza ikauke. Ya pili ikishakauka kwa kugusa, ipashe joto la nyuzi 60 hadi 70, unganisha mara moja, kandamiza kwa nguvu, na usikivae kiatu kwa saa 48. Safu nene haiongezi nguvu. Ndani yake hubaki laini, na huachia kwenye mkunjo.

Baada ya kubandika, wateja wengi hutaka soli "ikaziwe" kwa kuzungushiwa uzi wa nailoni. Mzingo wa kiatu namba 42 ni kama sentimita 65. Kwa hatua ya milimita 8 umeingiza matundu karibu 80 ndani ya kiatu, sentimita moja au mbili tu kutoka ardhini. Mweleze mteja hivyo kwa upole kabla hajaondoka.

Kuna suluhisho jingine la zamani: chini mpira, juu ngozi. Leon Leonwood Bean wa Maine, Marekani, alianza kuuza buti la namna hiyo mwaka 1912. Katika jozi 100 za kwanza, 90 zilirudishwa kwa sababu mpira ulichanika kwenye mshono uliouunganisha na ngozi. Alirudisha fedha, akarekebisha, na buti linauzwa mpaka leo. Ukijaribu mtindo huu, mpira uwe mnene pale pa kushona, na mshono ukae juu ya mstari wa maji.

Utando usiopitisha maji, kama Gore-Tex, hushonwa kama soksi ndani ya kiatu na mishono yake kuzibwa kwa utepe wa joto. Tundu moja la msumari wakati wa kuvuta ngozi kwenye kalibu huliharibu zoezi zima. Kabla ya kuuweka, ujaze hewa, uzamishe kwenye maji, utazame mapovu.

Dawa ya kupaka sasa, kiatu kikiwa kimekamilika na gundi imeiva. Yeyusha gramu 100 za nta ya nyuki kwenye chombo kilichokaa ndani ya maji moto (nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65), ongeza gramu 200 za mafuta ya nyonyo, koroga mpaka ipoe na kuwa kama samli. Paka kidogo kwa kidole, uongeze kwenye mishono, futa baada ya saa chache. Mafuta ya kupikia huchacha na kuita ukungu. Ukitokea weupe juu ya ngozi baadaye, upashe joto kidogo: ukiyeyuka na kupotea ni nta au mafuta yaliyopanda, usipoyeyuka huenda ni ukungu.

Mtu anayenunua buti la usalama la kazini lenye alama ya S3 ajue jambo moja: kuhusu maji, alama hiyo inaahidi sehemu ya juu pekee, kwamba kwa dakika 60 za kipimo haipitishi zaidi ya gramu 0.2 za maji wala kunywa zaidi ya asilimia 30. Ahadi ya kiatu kizima ni alama ya WR, na katika toleo la mwaka 2022 la ISO 20345, kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, viatu hivyo ndivyo S6 na S7.

Kwa kiatu chako mwenyewe, kikunje kwanza mara 1,000 kwa mkono au kwa kukitembelea, kwa sababu kiatu kisichokunjwa hufaulu kwa uongo. Kisha kijaze karatasi laini kavu, ukisimamishe ndani ya beseni kwenye maji ya kina cha mstari wako kwa saa moja, na itoe karatasi ukikumbuka kila kipande kilikaa wapi. Unyevu ulioanzia pembeni mwa vidole ni gundi ya soli iliyoachia kwenye mkunjo. Ulioanzia chini ya kamba ni mkunjo wa ulimi ulioshonwa chini mno. Ulioenea sawasawa kwenye soli ya ndani unatoka chini, kwenye uzi au kwenye nyuzi za tairi. Kikaushe kivulini kikiwa na magazeti ndani, kamwe si kando ya jiko la mkaa, maana joto linaloamsha gundi wakati wa kubandika ndilo hilohilo litakaloilegeza.