Friza yangu ya Sahare, kutoka petroli hadi jua

Nauza samaki na barafu Sahare, hapa Tanga mjini. Umeme ukikatika usiku wa manane, vibua na changu wa jana wanaamka wamelegea, na mteja wa Tanga samaki anamjua: anafunua shavu, anatazama matamvua, akiona wekundu umefifia anamrudisha sinia na kwenda zake.

Miaka mitatu nililinda biashara kwa jenereta ya petroli. Usiku mmoja mbaya ulikula lita nne, na faida ya kesho yake yote ikaishia kituo cha mafuta. Moshi nao ulimkohoza mwanangu wa mwisho, nikaisogeza jenereta mbali uani, nikawa silali kwa hofu ya wezi.

Nikaingia kwenye sola, na mwanzo niliharibu. Nilinunua paneli 1 ya wati 150 na betri ya gari kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu. Betri ya gari hutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha gari linaijaza tena. Mimi nilikuwa naikamua usiku kucha mpaka tone la mwisho. Mwezi wa nne ikafa.

Fundi wa pili hakuanza na bei. Aliniuliza, "Mama, friza hii inakula uniti ngapi kwa siku?" Sikujua. Tukazima kila kitu ndani, tukaiacha friza peke yake, tukasoma mita asubuhi na asubuhi iliyofuata: uniti 1.2 (uniti moja ni wati elfu moja kwa saa moja). Kabla ya siku ile nilikuwa nanunua vifaa kwa kubahatisha tu. Paneli 2 za wati 300 kila moja, kwa saa nne za jua kali, hutoa uniti 2.4 kwenye karatasi. Joto, nyaya na vumbi vinakula sehemu yake, lakini inayobaki inatosha. Betri tukachukua ya jeli, volti 12, ampea-saa 200, na akanionya nisiishushe chini ya nusu ya chaji.

Jambo lililoniokoa zaidi halikugharimu kitu. Nilijaza maji chupa 12 za lita moja na nusu, nikabakiza nafasi juu maana maji yakiganda yanatanuka, nikazipanga chini na pembeni mwa friza. Mchana jua linazigandisha. Saa tatu usiku nazima, sifungui mfuniko, na saa kumi na moja alfajiri samaki bado ni wagumu kama mbao. Barafu huyeyuka polepole sana, kwa hiyo baridi ya mchana inanifikisha asubuhi na betri inapumzika.

Kazi iliyobaki ni chumvi. Upepo wa baharini unaipaka kwenye kioo, nami naifuta alfajiri, kioo kikiwa bado baridi, kwa kitambaa laini na maji matupu. Vichwa vya betri hutoa unga wa kijani. Nafungua nyaya kwanza, nasugua kwa mswaki wa zamani, nakausha vizuri, napaka grisi.

Umeme wa gridi sijauacha. Mkoa huu una umeme wa maji tangu zamani, kwenye vituo vya mto Pangani: Hale, megawati 21, toka 1964, na Maporomoko Mapya ya Pangani, megawati 68, toka 1995. Maji yake yanashuka kutoka Kilimanjaro na Meru, na mvua ikinyesha yanarudi. Petroli niliyoichoma miaka mitatu hairudi. Kiangazi mto ukipungua, jua langu ndilo linakuwa kali; masika mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, paneli zinadhoofika, nami nahamia gridi bila wasiwasi.

Jenereta nimeiuza. Pesa yake nimenunua friza ndogo ya pili, na kabla ya kuiwekea paneli nimeipima kwenye mita siku mbili.