Bosi mpya, gia boksi ya zamani

Mwaka 2009, masika hayajashika sawasawa, gereji yetu ya Ngamiani ilipata mkuu mpya. Mzee aliyeiendesha timu ya rali tangu mimi sijaota ndevu alikuwa anasumbuliwa na kisukari, mguu umeanza kumkataa, na mfadhili hakutaka kungoja. Akatuletea kijana kutoka Dar es Salaam, shati limenyooshwa, kompyuta mpakato kwapani. Mafundi wakakonyezana. Tanga hii, waja leo waondoka leo.

Mzee alikuwa na daftari la jalada gumu, limeshiba grisi mpaka kurasa zinapitisha mwanga. Kila kifaa cha Subaru yetu kilikuwa na ukurasa wake: kimefungwa lini, kimekimbia kilomita ngapi, kitolewe lini hata kama bado kizima. Lakini alikuwa mbishi, tusidanganyane. Mshahara ulikuja akikumbuka, na msoma ramani wetu, yule anayekaa pembeni ya dereva na kumtajia kona, aliondoka kwa kukemewa mbele za watu. Kijana alipoingia, kitu cha kwanza alilipa malimbikizo yetu yote. Tukampenda, kwa nini tusimpende?

Jumapili ya tarehe 29 Machi, saa tatu asubuhi, tulikuwa mbele ya runinga ya gereji na chai yetu na mihogo, tukiangalia Formula 1 ya Melbourne. Honda ilikuwa imetangaza kujitoa Desemba iliyopita, baada ya kumaliza msimu wa 2008 nafasi ya tisa na pointi 14. Ross Brawn, bosi wa timu hiyo, akaichukua kwa pauni moja, akaipa jina lake, akatia injini ya Mercedes. Siku ile, mbio yao ya kwanza kabisa, madereva wao wakatangulia wote wawili: Button akaingia wa kwanza na Barrichello wa pili.

Bosi akapiga makofi. "Mmeona? Badilisha uongozi, timu inafufuka!"

Fundi mkuu alikuwa na muhogo mdomoni. "Bosi wangu, gari lile halikuundwa mwezi huu. Brawn kaingia pale mwisho wa 2007. Mwaka jana mzima waliliacha gari la msimu lijifie, wakawa wanalijenga hili kwa pesa za Honda."

"Una wivu, Fundi," Bosi akasema, na watu wakacheka.

Rali ya Tanga ikafika. Njia ilipita kwenye mashamba ya mkonge upande wa Pongwe, vumbi jekundu, kona zinazofanana mpaka dereva anachanganyikiwa. Hapo namsifu yule kijana bila kinyongo. Kila mmoja wetu alipewa karatasi yenye kazi yake: wewe tairi ya mbele kushoto, wewe mafuta, wewe kioo na maji. Enzi za Mzee tulikuwa tunagombania jeki. Safari hii gari liliingia kituoni, likatoka, na timu ya jirani bado inatafuta spana. Msoma ramani mpya, kijana wa hapahapa mjini ambaye Bosi alimfundisha mwenyewe usiku baada ya usiku, hakukosea kona hata moja. Tukashinda kundi letu. Bosi akabebwa juujuu, na mtu wa redio alipomuuliza siri ya ushindi akajibu neno moja: nidhamu.

Usiku mimi ndiye niliyelala chini ya gari kumwaga oili ya gia boksi. Ilitoka nyeusi, kisha nikaona inametameta. Nikachovya kidole, nikaisugua na dole gumba: chenga za chuma, laini kama unga wa sembe. Nikamwita Fundi. Akaangalia, hakusema kitu, akaenda kabatini kulitoa daftari. Ukurasa wa gia boksi, mwandiko wa Mzee: beringi zibadilishwe kabla ya Tanga. Hazikubadilishwa. Pesa ya beringi ndiyo iliyolipa malimbikizo yetu.

Fundi akampelekea Bosi beseni la oili palepale kwenye sherehe.

"Gari limeshinda leo," Bosi akasema. "Weka oili mpya, funga."

Kwenye rali ya Morogoro gia boksi ilikwama hata mbio hazijakolea. Bosi akamlaumu dereva, dereva akamlaumu fundi, na mfadhili hakumsikiliza yeyote. Button naye, aliyeshinda mbio sita kati ya saba za kwanza, hakushinda tena mwaka ule, ingawa ubingwa aliupata Brazili kwa akiba ya pointi. Mwaka haujaisha, timu ya Brawn ikanunuliwa na Mercedes.

Kwetu gereji akaja bosi wa tatu. Alikuta mishahara inatoka kwa wakati, karatasi za kazi ziko ukutani, msoma ramani kaiva. Akanunua gia boksi, akaanza kushinda, na mjini wakasema huyu ndiye mwenye akili.

Siku mfadhili alipomfukuza yule wa Dar, Fundi alijaribu kumtetea. Akamweleza habari za Jean Todt, ambaye mwenyewe alikuwa msoma ramani wa rali kabla hajawa bosi: Ferrari walimkabidhi timu yao ya Formula 1 mwaka 1993, na ubingwa wa dereva ukaja 2000, dereva akiwa Schumacher. Miaka saba, na hawakumfukuza.

Mfadhili akamsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akachukua funguo zake mezani.

"Fundi, mimi si Ferrari," akasema. "Huyo anayekuja nampa mpaka Idi."