Jinsi nilivyojifunza kuwatisha watoto kwa Kiswahili

Kwa mama yangu, aliyekulia Luweero, Uganda, Kiswahili chenyewe kilikuwa hadithi ya kutisha hata kabla sijaandika neno. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini watu wa rika la mama hawakukijua kutokana na tangazo hilo. Walikijua kwa wanajeshi waliosimamisha magari usiku, wakaamrisha abiria washuke, wakae chini na watoe vitambulisho. Mpaka leo mama anakielewa neno kwa neno, wala hakisemi. Mimi nilizaliwa Walukuba, Jinja, katika mtaa wa wafanyakazi wa viwanda ambako Msoga, Msamia, Mlugbara na Mjaluo walipakana ukuta kwa ukuta na hawakuwa na lugha nyingine ya kugombea zamu kwenye bomba la maji isipokuwa hicho hicho Kiswahili. Baba alikileta nyumbani kutoka kiwanda cha nguo, akatutania kwacho wakati wa chakula, na mama akainamia sahani yake. Basi nilipoazimia kuandika vitabu vya safari za kutisha kwa watoto, tena kwa lugha hii, swali langu la kwanza halikuhusu zimwi la kuweka ndani ya kitabu. Nilijiuliza nitawezaje kuichukua lugha ambayo tayari imewatisha wazee wetu bila ridhaa yao, niitumie kumpa mtoto hofu anayoitaka mwenyewe na inayokwisha kwa kicheko.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari yenye bweni. Mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, na wanafunzi wangu walikuwa na vitabu vya sarufi, mazungumzo ya sokoni, mazungumzo ya hospitalini na barua ya kuomba kazi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba kitabu cha Kiswahili akasome kitandani. Lakini nilipokuwa mwalimu wa zamu, nikipita nje ya bweni baada ya taa kuzimwa, nilisikia hadithi za mizimu na wasezi, wale wacheza-uchi wa usiku wanaosemekana kufukua maiti, zikisimuliwa kwa mchanganyiko wa Kiganda, Kisoga na Kiswahili, na vijana arobaini wametulia kuliko wanavyotulia darasani kwangu. Nilisimama nikasikiliza kwa muda mrefu kuliko wajibu wangu ulivyoruhusu. Msimulizi bora miongoni mwao alikuwa kijana mpole ambaye hakupandisha sauti hata mara moja. Alianza hivi: bomba lile la nyuma ya jiko, lile ambalo mkono wake umevunjika ukafungwa kwa waya. Kila msikilizaji alikuwa amechota maji pale jioni ile ile. Mzimu ulipotokea, kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na waya.

Ningeelewa somo hilo mara moja, ningejiokolea mwaka mzima. Sikulielewa. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na mizimu saba katika kurasa 40, na wote walicheka kwa sauti, wakatoa macho mekundu, wakatoweka kwa moshi. Nilimpa mpwa wangu wa miaka kumi ausome. Aliusoma mpaka mwisho kwa heshima, akanirudishia kwa mikono miwili, akauliza: "Mjomba, hawa watu hawali?"

Swali hilo lilinitoa nyumbani. Watu wa kitabu changu hawakula kwa sababu hawakuwa mahali popote; walikuwa katika "msitu" na "pango", na msitu usio na jina haumtishi mtoto ambaye shangazi yake anauza ndizi kando ya Mabira. Ndugu yangu mmoja ni dereva wa lori ambaye wakati huo alikuwa akipeleka sukari ya Kakira upande wa magharibi na kurudi na kakao kutoka Bundibugyo, na nilimwomba anichukue wakati wa likizo. Nilikaa katikati, kati yake na taniboi, nikiwa na daftari la mistari na kalamu mbili.

Safari hiyo ndiyo iliyonipa vitabu vyote vitatu nilivyokwisha kuchapa. Ukitoka Jinja unavuka Nile, na muda si mrefu unaingia Mabira, msitu wa kilomita za mraba zipatazo 300 ambao barabara kuu ya Kampala inaupasua katikati. Mchana ni kivuli kizuri tu. Usiku taa za lori huonyesha ukuta wa majani pande zote mbili, na baridi huingia ghafla kama mtu aliyefungua mlango, kisha msitu unakwisha, unapita Lugazi, na mbele yake unatokea Namawojjolo, moshi na taa na vijana wanaokimbilia madirisha na kuku wa kuchoma na gonja, yaani ndizi za kuchoma, kwenye vijiti. Niliandika daftarini: hofu, halafu kuku. Nadhani hiyo ndiyo sentensi yenye faida kuliko zote nilizopata kuandika. Mtoto atakubali umpitishe gizani kwa kurasa nane ikiwa pua yake imekwisha kuahidiwa moshi wa Namawojjolo.

Mbele ya Kampala, barabara ya Mityana na Mubende kuelekea Fort Portal ni kama imepangwa na mtunzi. Kuna Ttanda, karibu na Mityana, mahali penye mashimo marefu kati ya miti, ambapo nilivua viatu kama wenyeji walivyoniomba. Kuna mti wa Nakayima juu ya kilima cha Mubende, ambao mizizi yake imesimama kama kuta na kufanya vyumba vidogo ambamo watu huketi kuomba na kuacha buni na sarafu. Baada ya Fort Portal kuna mapango ya Amabere, ambayo matone yake meupe yanasimuliwa kuwa maziwa ya Nyinamwiru, binti mfalme wa masimulizi ya huko, na mwisho kabisa, barabara ikishateremka kwa kona nyingi hadi bonde la Semuliki, kuna chemchemi za Sempaya zinazotokota na kufuka mvuke wenye harufu ya kiberiti, ambako yai huiva ukilitazama. Sikuhitaji kubuni pahali hata pamoja. Kazi yangu ilikuwa kupunguza: kitabu kimoja, kituo kimoja, jambo moja lisilokaa sawa.

Nilichagua pacha kuwa wasafiri, Waiswa na Nakato, majina wanayopewa pacha, kwa sababu msomaji wa Jinja akiona majina hayo anajua wao ni nani bila mimi kueleza, na kwa sababu watoto wawili wanaweza kubishana kuhusu walichokiona. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mtoto aliye peke yake anapiga kelele. Wawili wanaulizana: umesikia? sijasikia, wewe umesikia nini? na ukurasa unajaa hofu bila kitu chochote kutokea. Mjomba wao anaendesha lori na ana sheria tatu tu, ambazo nilizichukua kwa ndugu yangu karibu kama zilivyo: usishuke bila kusema, usipokee kitu dirishani usiku, na ukisikia turubai linapiga, hesabu mpaka kumi kabla ya kutazama. Sheria ya tatu ndiyo watoto waliyoipenda. Wanahesabu kwa sauti.

Kuhusu Ttanda nilikaa miezi mitano, kwa kuwa pale hadithi ipo tayari na ni kubwa kuliko mimi. Baganda husimulia kwamba Kintu, mtu wa kwanza, na mkewe Nambi waliambiwa na Ggulu, baba yake Nambi, waondoke mbinguni mapema na wasirudi nyuma kwa sababu yoyote ile, ili Walumbe, ndugu yake Nambi, asije akawafuata. Nambi akakumbuka ulezi wa kuku wake, akarudi, na Walumbe, yaani Kifo, akashuka naye. Watoto wao walipoanza kufa, akatumwa Kayikuuzi, ndugu yao mwingine, kumkamata, naye akachimba na kuchimba huku Walumbe akizama ardhini mbele yake, na mashimo ya Ttanda ndiyo alama za kazi hiyo. Mwishowe Kayikuuzi aliagiza watu wote wanyamaze ili Walumbe atoke mwenyewe. Alitoka, watoto waliomwona wakapiga yowe, akarudi chini, na yuko huko.

Mtu anayetaka kujifunza kuwaandikia watoto mambo ya kutisha na asome kisa hicho mara ishirini. Hakuna damu wala meno ndani yake. Kuna agizo dogo, nalo ni la kunyamaza, na aliyepewa ni mtoto, mtu ambaye haliwezi. Katika kitabu changu cha pili sikuthubutu kumwonyesha Walumbe, kwanza kwa sababu ya heshima, kwani kwa watu wanaokwenda pale kuomba hiyo si burudani; niliwapeleka mswada wenyeji wawili waliokuwa wamenitembeza, wakaniondolea aya moja ambayo Waiswa alitupa jiwe shimoni, nami nikaiondoa bila kubisha. Nilichobakiza ni agizo. Pacha wanaambiwa wapite kati ya mashimo bila kutoa sauti, na Nakato ana kwikwi. Kurasa sita za kwikwi. Nimewahi kuzisomea chumba kizima nikaona watoto wameziba midomo yao wenyewe kwa viganja.

Yapo mambo ambayo nimeyakataa kabisa. Hakuna mganga katika vitabu vyangu anayetafuta watoto, wala gari linalowachukua njiani, kwa sababu nchini mwetu hayo si mambo ya kubuni. Watoto wameuawa kwa imani hizo kiasi kwamba Bunge lilipitisha sheria mahususi dhidi ya kafara ya binadamu mwaka 2021. Mtoto anayetembea kilomita tatu kwenda shule hana haja ya kuongezewa hofu hiyo nami nikalipwa. Lakini mpaka mwingine sikuujua, na niliuvuka. Rafiki yangu anayefundisha katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale alinialika nikawasomee watoto, wengi wao kutoka Kongo, na nilifurahi sana kuwapata wasomaji ambao Kiswahili ni lugha yao ya nyumbani. Walinicheka kwa kusema dagaa, kwao ni sambaza. Kisha nikafika sura ambayo pacha wamelala katika nyumba ya wageni, na katikati ya usiku mlango unagongwa mara tatu. Jinja sura hiyo huleta vilio vya furaha. Pale chumba kilinyamaza kwa namna nyingine, na msichana mmoja wa miaka kama tisa aliinuka, akatoka nje, akakaa kwenye jua akitazama barabara.

Nilimfuata. Sikuwa na la kusema, nikamwomba radhi. Aliniuliza ni nani aliyekuwa akigonga. Nikamwambia ni taniboi, ameleta blanketi. Akafikiri, akasema: "Basi seme kwanza, mwalimu. Seme ni taniboi, halafu agonge."

Nilidhani ushauri huo ungeua sura. Nikajaribu hata hivyo, nikaandika kwamba msomaji anamwona taniboi akipanda ngazi na blanketi begani, huku pacha ndani hawajui. Sura haikufa. Watoto walianza kuwapigia kelele pacha: fungueni, ni yeye! Walijua zaidi ya waliomo kitabuni, na walikuwa na hofu kwa niaba yao. Tangu hapo kila kitu kinachogonga, kinachokwaruza au kinachomulika katika vitabu vyangu kina jina mahali fulani kabla hakijafika.

Uchapaji sitausimulia kwa urefu. Nililipia mwenyewe nakala 300, kurasa 32, kwani vijitabu vya kubanwa pini hupangwa kwa kurasa zinazogawanyika kwa nne, na mtu mwenye kurasa 33 ana shida. Nilizichapisha Kampala, Nasser Road, ambako mchapaji mmoja alichanganya karatasi hivi kwamba lori liliwaka tena kabla halijaharibika. Alikataa kurudia. Nakala hizo niliziuza kwa nusu bei, na barua za wanafunzi kuhusu lori lenye uchawi bado ninazo.

Nilibakiza Mabira mwisho, ingawa ndiyo mwanzo wa barabara, kwa sababu nilijua kilichopo pale. Usiku, katikati ya msitu, tochi inapungwa barabarani na lori linasimama. Nilizisomea aya hizo nyumbani kwa mama mwezi wa Desemba, Kiswahili kitupu, naye akichambua mukene, yaani dagaa, kwenye ungo. Msomaji wangu amekwisha kuambiwa kwamba mwenye tochi ni mzee wa kijiji anayelinda mti ulioanguka ili magari yasiugonge. Pacha hawajui. Tochi inakaribia dirisha, inamulika uso wa mjomba, inamulika pacha, na sauti inasema, "Habari za safari, wanangu? Shukeni polepole, kuna matope."

Mama aliacha kuchambua. Alisema, kwa Kiganda, kwamba hakuna aliyewahi kusema hivyo barabarani, hata mmoja. Nikamwambia najua. Akachukua ungo wake tena, na baada ya muda akaniuliza kama kuku wa Namawojjolo walifika wakiwa bado moto.

"Soma," nikamwambia, nikamsogezea kitabu.

"Zikyayokya?" akauliza tena kwa Kiganda, halafu, kwa sauti ambayo sijaizoea na kwa matamshi ya mtu aliyekitunza kitu muda mrefu bila kukitumia, "Kuku bado iko moto?"