Ulinzi wa mtaa huanza kwa majirani kujuana

Wizi ukizidi mtaani, pendekezo la kwanza kikaoni huwa ni doria: vijana wachangiwe fedha, wapewe tochi na filimbi, wazunguke hadi alfajiri. Siipingi doria, lakini naamini kwa dhati kwamba haitoshi, kwa kuwa mlinzi asiyewajua wakazi hawezi kumtofautisha mgeni wa jirani na mtu aliyekuja kuvunja nyumba.

Mwaka 1995 watafiti waliwahoji wakazi 8,782 katika mitaa 343 ya jiji la Chicago, Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997 na mwanasosiolojia Robert Sampson na wenzake. Wakazi waliulizwa kama majirani wangechukua hatua wakiwakuta watoto waliotoroka shule wakizurura, wakiona mtu anachafua ukuta kwa rangi, ugomvi ukizuka mbele ya nyumba, au hata kituo cha zimamoto cha karibu kikitishiwa kupunguziwa bajeti. Waliulizwa pia kama wanaaminiana. Pale ambapo kuaminiana na utayari wa kuingilia kati vilikuwa juu, uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa mdogo, hata umaskini wa mitaa hiyo ulipozingatiwa katika hesabu. Swali la zimamoto ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu halina mwizi ndani yake. Linapima tu kama watu wamezoea kusimama pamoja kwa jambo linalowahusu wote.

Mazingira ya mtaa nayo huwasaidia majirani kukutana. Huko Philadelphia, jiji jingine la Marekani, viwanja vilivyotelekezwa vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika maeneo maskini matukio ya silaha za moto yalipungua kwa asilimia 29, na wakazi walisema wanakaa nje zaidi.

Kinachoniumiza ni pale mwamko huu wa majirani kuingilia kati unapogeuka kipigo. Mtuhumiwa aliyepigwa na umati hajathibitishwa kosa, na akifa, hata waliomtuma hawatajulikana kamwe. Akamatwe, akabidhiwe polisi, na walioshuhudia waandikishe maelezo.

Polisi nao wana deni kwetu. Mkazi aliyepeleka taarifa kisha jina lake likamfikia mhalifu hatarudi tena kituoni, wala jirani yake hatathubutu. Kwa hiyo, kabla ya kuchangisha fedha za filimbi, kikao kimwite mkuu wa kituo aeleze mbele ya wakazi ni nani anapokea taarifa zao, jina la mtoa taarifa linahifadhiwa vipi, na ni lini atarudi kutoa majibu.