Bomba la Sentimita 19.5

Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa muziki walitupa mradi mmoja: tuunde filimbi za mabomba ya plastiki, zipigwe kwenye tamthilia ya kufunga muhula. Miradi ya namna hiyo mara nyingi huiita sanaa mwishoni ije ipake rangi, sayansi ikishamaliza kazi. Nasi tulianza hivyo hivyo.

Hesabu ilikuwa nyepesi. Bomba lililozibwa upande mmoja hubeba robo ya wimbi. Basi unachukua kasi ya sauti, mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi 20, unaigawa kwa mara nne ya masafa unayoyataka, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Noti ya A, hezi 440, ikatupa sentimita 19.5. Tukakata kwa msumeno, tukasugua mdomo kwa msasa, tukasukumia kizibo ndani hadi urefu ukasimama pale pale kwenye rula.

Mwalimu wa muziki akapuliza mara moja, akabonyeza A kwenye kinanda, akatikisa kichwa.

"Limeshuka, mwanangu."

"Mwalimu, hesabu iko sahihi."

"Hesabu sijaigusa. Nasema limeshuka."

Programu ya simu ya kupimia noti ikaamua ugomvi: sindano yake ilicheza karibu na hezi 420. Fizikia yenyewe ilianzia hapo, maana mwalimu wake hakuwa ametuambia (kwa makusudi, namshuku mpaka leo) kwamba wimbi haliishii kwenye ukingo wa bomba. Huchungulia nje kidogo, kama asilimia 60 ya nusukipenyo, na mdomo wa mpulizaji ukiziba sehemu ya tundu huishusha sauti zaidi. Rula tukaiweka kando. Tukawa tunasukuma kizibo kwa kijiti, tunapuliza, tunasikiliza, tunasukuma tena. Jaji wetu alikuwa mwenzetu mmoja ambaye mitihani ya fizikia ilimshinda kila muhula; sikio lake lilinasa tofauti kabla sindano haijatulia.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa, joto likapanda, na sauti za filimbi zote zikapanda kuipita ya kinanda. Joto la hewa likiongezeka nyuzi 10, kasi ya sauti huongezeka kwa takriban mita 6 kwa sekunde, na pumzi zetu nazo zilikuwa zimeyapasha mabomba. Yule jaji akapita nyuma ya jukwaa na kijiti chake, akirudisha vizibo chini kimoja kimoja huku waigizaji wakivuta muda.

Kilicholeta kazi ni alama. Daftari la matokeo lilikuwa na safu ya fizikia na safu ya muziki, ya filimbi haikuwepo. Walimu wakabishana, kisha wakaandika alama ile ile kwenye safu zote mbili, na jaji wetu akafaulu fizikia kwa mara ya kwanza.